Siku Nane Nilizonyamaza Kwenye Lango la Malisho

Vijana wangu wa Malisho, mmeniomba niwaandikie kanuni za jukwaa letu kabla sijaachia funguo. Kanuni zipo, zinaenea kwenye karatasi moja, Deo fundi wetu atawachapia. Lakini mimi nilikuwa bibi shamba kwa miaka thelathini na kitu, na kazi ile ilinifundisha jambo moja: mkulima ukimpa karatasi atakushukuru, ataikunja vizuri, na kesho utaikuta imefungiwa karanga. Kwa hiyo nawapa na visa vyenyewe. Mkiona nimeruka hapa nikarudi kule, vumilieni. Ndivyo ninavyokumbuka.

Kwa mlioingia juzi, nianze na kile tunachofanya, maana najua wengine mmeshindwa kukieleza hata kwa wazazi wenu. Tunafuga viumbe ndani ya kompyuta. Si mchezo wa kupiga risasi, wala si katuni. Unaweka vidoa kwenye uwanja, unavipa kanuni chache: kula, sogea, zaa, kufa. Kila kinachozaliwa kinafanana na mzazi wake, ila si sawasawa, pana kijitabia kimoja kimegeuka. Kisha unaondoa mkono. Baada ya vizazi elfu unakuta kiumbe ambacho hakuna mtu aliyekitengeneza, kinakimbia pale ambapo babu yake alikuwa anatambaa. Marehemu mume wangu aliwahi kukaa nyuma yangu akivitazama saa nzima bila kusema neno. Mwisho akauliza, "Sasa hivi vitaliwa lini?"

Malisho ni mahali wafugaji wa namna hiyo wanapokutana kwenye mtandao. Tunaandikiana, tunaulizana, tunachekana. Na pia ni uwanja mmoja mkubwa wa pamoja, unaokaa kwenye kompyuta ya Deo pale Kayanga, ambapo kila mwanachama analeta viumbe vyake viishi na vya wenzake. Uwanja huo una lango, yaani mtu mmoja anayepokea kiumbe kilichotumwa na kukiruhusu kuingia. Kwa miaka sita mtu huyo nimekuwa mimi.

Niliingiaje huku? Kwa ugonjwa wa migomba. Mnyauko ulipofika mashambani kwetu, mtu alikuwa analala tajiri wa ndizi na kuamka anatazama majani ya njano. Tuliwaambia watu wachome panga kwenye moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Tuliwaambia wasichukue chipukizi kwa jirani bila kulijua shamba lake. Waliitikia vizuri sana. Kisha jirani anakuja na chipukizi begani, zawadi hiyo, anaitua mlangoni. Utamwambia nini? Kwetu zawadi haikaguliwi mbele ya aliyeileta. Basi inapandwa, na ugonjwa unapandwa nao.

Siku moja hapa kijijini kwetu Bugomora, mbele ya wakulima kama ishirini, nilichoka na maneno yangu mwenyewe. Palikuwa na mkeka wa kahawa umeanikwa. Nikapanga punje za kijani mistari kwa mistari, nikasema hii ndiyo migomba yenu. Nikaweka nyekundu moja katikati, nikasema huyu ni mgonjwa. Kila nikipiga makofi, nyekundu inaambukiza jirani zake wawili, isipokuwa jirani aliyechoma panga. Tulicheza mpaka mkeka wote ukawa mwekundu, isipokuwa kona moja. Wakaomba turudie. Tukarudia. Mara ya tatu mama mmoja aliyekuwa amenyamaza muda wote akasema polepole, "Kumbe ni mimi." Alikuwa amegawa machipukizi kwa nyumba tano. Nilimwonea huruma sana, na pia nilijua kwamba hilo ndilo somo la kwanza nililowahi kufundisha likaingia.

Deo alikuwa pale. Huyu ndiye Deogratias, fundi kompyuta wa karibu na stendi ya Kayanga, aliyekuwa amekuja Bugomora kumzika shangazi yake. Alisimama nyuma ya watu na suti yake ya msibani, na tulipomaliza akanifuata. "Mama, hicho unachofanya kwa makofi, kompyuta inakifanya mara elfu kabla hujashusha mikono." Nikamwambia aache kujisifu. Baada ya wiki mbili nilipita dukani kwake, akanionyesha mkeka wangu kwenye kioo, nyekundu na kijani, unaenda wenyewe. Nilikaa mpaka nikakosa gari la kurudi.

Deo ni mwalimu mkali, na kama amewahi kuwagombeza, jueni mimi alinianza zamani. Alinikataza kugusa kompyuta yake mpaka nijue kuizima. "Kuwasha kila mtu anajua," alisema. Uwanja wangu wa kwanza niliulea wiki tatu, umeme ukakatika, ukaenda wote. Nililia, mtu mzima mimi, mjukuu wangu akaja kuniuliza nani amefariki. Nilipompigia simu Deo akacheka kwanza, kisha akasema, "Vizuri. Sasa uko tayari kufundishwa kutunza nakala." Basi shikeni hili: nakala tatu. Moja kwenye mashine yenyewe, moja kwenye flashi inayokaa mbali na mashine, na moja kwa mtu mwingine. Deo anashauri huyo mtu mwingine awe mtu msiyeelewana naye sana, kwa sababu rafiki ataiazima flashi yako na kujaza nyimbo.

Mnalalamika kwamba kiumbe lazima kiwe faili dogo na maelezo yawe maandishi tu. Nisikilizeni. Tulipoanza, mtandao wa Bugomora ulikuwa wa kuja na kuondoka, na simu ikikaa vibaya inashika mtandao wa nchi jirani na kumeza salio lote. Hatukuwa na uwezo wa kutumiana picha zinazotembea. Kwa hiyo mtu alilazimika kuandika: kinatembeaje, kinaogopa nini, kilimtoka nani. Nimeona majukwaa ya wenzetu yenye picha nzuri ambako hakuna anayejua kiumbe cha mwenzake kinakula nini. Sisi tulijuana kwa kusimuliana. Msiifute hiyo kanuni hata kama leo mna mtandao wa kasi.

Na mgeni akija, msimuulize ametengeneza nini. Atajisifu, au ataona aibu. Muulizeni kitu gani kimemfia. Hapo atasema mpaka mtachoka, na siku hiyohiyo atakuwa mwenyeji.

Hilo nililipata kwa Mugisha. Huyu ni mfugaji wa kule kwenye mbuga za Kyerwa, ng'ombe wa kweli hao wenye mavi na kwato, mtu mzima mwenye mke na watoto wanne. Alinunua kompyuta iliyotumika kwa Deo, akaja kwetu akiwa na viumbe vinavyotembea kwa makundi na kula majani. Siku ya kwanza tu alitugombeza. Tulikuwa tunaviita viumbe kwa namba, na yeye akaandika: "Mimi siwezi kuzungumza na watu wanaoita ng'ombe namba saba." Akatupa majina ya wake, kwa rangi, kama wanavyofanya wafugaji. Wa rangi ya kahawia aliitwa Bihogo, na kila kizazi kilikuwa na Bihogo wake. Mama wa Bihogo alikuwa nani, bibi yake alikuwa nani, nani alikuwa mkorofi, nani alikufa na kwa nini, yote alikuwa nayo kichwani. Tuliona aibu, tukaanza kuandika majina na koo.

Sisemi ilikuwa amani tupu. Kulikuwa na wenzetu wa migomba, walioleta mimea, vile viumbe visivyosogea. Asubuhi moja wakakuta ng'ombe wa Mugisha wameingia na kula kila kitu. Mngeona maneno yaliyoandikwa siku ile! Yalikuwa yaleyale ninayoyajua tangu nikiwa binti, ya ng'ombe kwenye shamba la watu, neno kwa neno, ila sasa hakuna ng'ombe na hakuna shamba. Mmoja alidai tuite mwenyekiti wa kitongoji. Deo alitaka kuongeza ukuta kwa programu. Mugisha akasema hapana, wapeni mimea nafasi ya kuwa michungu. Tukaiacha. Baada ya wiki kadhaa mimea iliyobaki ilikuwa haiguswi, na ng'ombe walijifunza kuizunguka. Mimi nimehudhuria mikutano mingi ya usuluhishi maishani mwangu, na huo ndio pekee ambao pande zote mbili ziliondoka zimejifunza kitu.

Sasa nimezunguka vya kutosha. Kuna kisa kimoja ambacho nusu yenu mnakijua vibaya na nusu hamkijui, na ndicho kilichonifanya nikae chini kuandika.

Mnajua tuna zizi la wageni. Kiumbe kikitumwa, hakiingii moja kwa moja kwenye uwanja wa pamoja, kinawekwa peke yake siku saba na kutazamwa. Kanuni hiyo niliiweka mimi. Niliiandika kwa ukali wote wa bibi shamba aliyeona migomba ikianguka kata nzima. Niliwaambia watu kwamba huku hakuna habari ya zawadi isiyokaguliwa. Walinisifu.

Jesca alijiunga mwaka wa tatu. Ni muuguzi, anafanya kazi hospitali ya Nyakahanga, binti mtulivu wa umri wa mjukuu wangu mkubwa. Hakuwa mtu wa makundi makubwa. Alipenda viumbe vidogo, vile vinavyoishi juu ya vingine. Alikuwa anaandika maelezo mafupi na safi, kama mtu anayejaza faili la mgonjwa. Nilimpenda. Aliniita Bibi, na alikuwa ananiuliza mambo ambayo majibu yake nina hakika alikuwa anayajua, ili nami nijione wa maana.

Siku moja akatuma kiumbe kipya. Kilikuwa kidogo sana. Kilikuwa kinajibandika kwa kiumbe kingine na kuishi kwa mabaki yake. Pamoja nacho akaniandikia mimi peke yangu ujumbe huu: "Bibi, huyu bado simwamini. Naomba umtenge siku saba kamili kabla ya kumwonyesha wengine."

Nataka mjue kwamba niliusoma. Sitawaambia kwamba ulinipita, wala kwamba macho ni ya kizee. Siku ile tulikuwa na wageni, watu wa upande wa mchumba wa mjukuu wangu, ndizi zilikuwa jikoni, na chaji ya kompyuta ilikuwa inaisha. Langoni palikuwa na viumbe vinne vinasubiri. Nikasema moyoni, huyu binti ana wasiwasi, wauguzi ndivyo walivyo, wanaona ugonjwa kila mahali. Nikaviruhusu vyote vinne viingie uwanjani bila kupita zizini, nikafunga kompyuta, nikaenda kupokea wageni.

Siku ya pili Deo alinipigia. "Mama, fungua Malisho." Nilifungua. Viumbe vilikuwa vimesimama. Havikuwa vinakimbia wala kula, vimesimama tu, na kimoja kimoja vilikuwa vinazimika. Kile kiumbe kidogo kilikuwa hakijibandiki tena kwa nje. Kilijifunza kujiandika ndani ya watoto wa wengine, na mtoto aliyezaliwa nacho alikuwa hajui kula. Deo alizima uwanja. Nakala za karibuni zote zilikuwa zimekwisha kuambukizwa au kuharibika, na nakala safi ya mwisho ilikuwa ya miezi mitano nyuma. Mnajua miezi mitano ni nini kwa viumbe vyetu. Ni koo zilizozaliwa, zikatukuka, zikapewa majina. Bihogo wa mwisho wa Mugisha alizaliwa ndani ya hiyo miezi mitano.

Watu, wakidhani kiumbe kimepita zizini kama kawaida, walianza kwa utani. Mmoja aliandika, "Muuguzi ametuletea ugonjwa badala ya dawa." Tukacheka, na mimi nilicheka. Kufikia jioni utani ulikuwa umekwisha. Waliandika kwamba amefanya makusudi, kwamba anapenda vimelea kupita kiasi, kwamba mtu kama huyo hafai kuachwa karibu na viumbe vya watu. Mwingine aliuliza kama kazini kwake ndivyo anavyofanya. Jesca aliandika mara moja tu: "Poleni sana. Kiumbe kilikuwa changu." Baada ya hapo hakuandika tena.

Nilisubiri aseme. Kila nikifungua nilikuwa natazama kama ameuweka ule ujumbe wake hadharani. Ulikuwepo kwenye simu yake kama ulivyokuwa kwenye yangu. Neno moja lingemtoa lawamani. Hakulisema, na nilijua kwa nini. Kwetu binti aliyelelewa vizuri hamwaibishi bibi mbele za watu, hata kama bibi amekosa. Nilimfundisha mjukuu wangu hivyohivyo. Basi nikakaa ndani ya heshima ya mtoto wa watu kama mtu aliyejikinga mvua, na mvua ilikuwa inamnyeshea yeye.

Siku ya tatu nilifanya jambo ambalo bado linanichoma kuliko lile la kufungua lango. Niliandika jukwaani: "Wanangu, tusinyoosheane vidole. Makosa ni ya binadamu." Sikusema binadamu gani. Watu waliandika kwamba Bibi ana hekima na moyo wa kusamehe. Niliyasoma yote. Naona haya hata kuwaambia kwamba yalinifurahisha kidogo.

Siku nane zilipita hivyo.

Jumapili, baada ya ibada, nilisikia pikipiki uani. Alikuwa Mugisha, ametoka mbugani kwake kuja mpaka Bugomora, na chombo cha maziwa mkononi. Hakuwa amewahi kuja kwangu kabla ya siku hiyo. Tulisalimiana kwa Kinyambo, kirefu, tukaulizana habari za nyumba zote mbili, mvua, malisho, watoto. Nikamletea punje za kahawa ya kutafuna na chai. Alikaa. Mfugaji hana haraka, na mimi mwenyewe sikuwa na hamu ya kufika alikokuwa anaelekea.

Mwisho nikasema, "Pole kwa Bihogo, baba."

"Nimeshapoa, mama. Ng'ombe hufa." Alitafuna kahawa kidogo. "Ila yule binti wa Nyakahanga amenikosesha usingizi."

"Kwa nini?"

"Hajitetei. Mtu aliyekosa hujitetea, mama. Hata mtoto mdogo akivunja kibuyu atakwambia paka amepita." Akasema bila kuniangalia, "Sisi tukikuta ng'ombe kwenye shamba la mtu, hatumuulizi ng'ombe. Tunauliza nani alikuwa langoni."

Nilimwongezea chai. Alimaliza chai yake yote, akasifu ndizi zangu, akauliza kama ile mitaro ya kukinga maji ya mvua niliichimba mwenyewe. Alipoinuka aliniachia maziwa. Hakuniuliza tena. Nilimsindikiza mpaka barabarani, na aliponiaga alinishika mkono kwa mikono miwili, kama mtu anayempa pole mfiwa.

Siku hiyohiyo nikaandika barua ya kukiri. Nikamsomea Deo kwa simu kabla ya kuiweka. Ilikuwa ndefu. Ilikuwa na wageni, na chaji, na miaka thelathini ya utumishi, na jinsi nilivyoanzisha zizi. Deo alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, hii ni barua ya kuomba kazi."

"Unataka niseme nini?"

"Sema nini kilitokea. Ukifika kwenye neno 'lakini', acha kuandika."

Mpaka leo sijapata ushauri bora wa kuandika. Nilifuta yote, yakabaki maneno haya: "Kiumbe kilichoua Malisho kiliingia kwa mkono wangu. Jesca aliniandikia nikitenge siku saba. Nilisoma, nikapuuza. Kisha nikamwacha alaumiwe siku nane huku nikijua." Nikayaweka, nikaizima simu, nikaenda kupalilia maharage ambayo hayakuwa na magugu.

Nilipowasha tena palikuwa pamejaa. Na hapa msikilize vizuri, kwa sababu ninyi ndio mtakaoendesha jukwaa na mtayaona haya. Watu walinisifu. Waliandika kwamba ni wazee wachache wenye ujasiri huo, kwamba Bibi ni mfano wa kuigwa. Kurasa na kurasa. Nilihesabu waliomwandikia Jesca: watatu, na mmoja wao alikuwa Mugisha. Yule wa "badala ya dawa" aliniandikia mimi pole. Kumbe hata kukiri kunaweza kumwibia mtu mara ya pili. Nilikuwa nimechukua jina lake zuri kwanza, na sasa nilikuwa nimechukua na huruma yake.

Jesca hakuandika. Siku mbili, tatu. Nikaelewa kwamba kuna deni ambalo haliwezi kupita kwenye mtandao, hata uwe na kasi gani.

Nikapanda gari mpaka Kayanga, na kutoka hapo nikachukua bodaboda kwenda Nyakahanga. Kijana wa bodaboda aliniuliza kama nakwenda kumwona mgonjwa. Nikasema ndiyo, maana sikujua niseme nini kingine. Nilikaa kwenye benchi la nje, na wagonjwa wa kweli, mpaka zamu ya asubuhi ilipotoka.

Alitoka na mwenzake wakiongea. Aliponiona alisimama. Nilikuwa nimemwona mara moja tu kabla ya hapo, Kayanga, wanachama tulipokutana kunywa chai. Nilikuwa nimesahau jinsi alivyo mdogo. Mwenzake akaendelea mbele. Jesca akaja mpaka mbele yangu, akakunja magoti hadi chini, pale pale kwenye vumbi na sare yake safi, akasema:

"Shikamoo, Bibi."

Vijana wangu, nimeitikia salamu hiyo maelfu ya mara bila kufikiri. Siku ile sikuitikia. Nilimwona anainua macho kuangalia kama nimesikia.

"Inuka," nikasema. "Usiniamkie kwanza. Sina haki nayo leo."

Hakuinuka. Ikabidi mimi nishuke kutoka kwenye benchi, na magoti yangu haya mnayajua, mpaka tukawa wote wawili chini, na watu kwenye foleni wanatutazama. Nikamwambia yale niliyoyaandika, nikaongeza na lile ambalo sikuliandika: kwamba wakati wote nilikuwa natumaini hatasema, na nilijua kwamba hatasema, kwa sababu amelelewa vizuri.

Alinisikiliza kama wanavyosikiliza wauguzi, bila kuitikia katikati. Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta. Kisha akasema, "Nilikuwa nakusubiri, Bibi. Kila siku nilikuwa nasema, leo atasema."

"Najua."

"Hapana, hujui. Hapa kazini walisoma. Dada mmoja aliniuliza kama ni kweli." Akavuta pumzi. "Nilikukasirikia mpaka nikaogopa. Sijawahi kumkasirikia mtu mkubwa namna ile."

Nikamwambia ana haki. Nikamwomba arudi Malisho, kama moyo unaruhusu, na kama hauruhusu nitaelewa.

Alifuta machozi kwa kiganja. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alitupita, akatuangalia, akatupa pole. Nadhani alidhani tumefiwa.

"Nitarudi," Jesca akasema. "Lakini sitanyamaza tena. Ukikosea nitasema palepale, mbele ya wote, hata kama wewe ni bibi. Nitasema kwa adabu, ila nitasema. Utaweza?"

Nilitaka kusema ndiyo haraka, kama mtu anayetaka kusamehewa. Nikajizuia. Nikafikiri kweli: mimi, umri huu, nirekebishwe na binti huyu mbele ya watu wote, Deo akicheka, wageni wakisoma. Niliona uchungu wa jambo hilo mapema, na niliona kwamba uchungu huo ni haki yangu.

"Nitaweza," nikasema.

Akanitazama kwa muda, kupima kama ni kweli. Kisha akainamisha kichwa na kusema tena, polepole, kama vile ya kwanza haikuwahi kusemwa:

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."